Kumshtaki rais bungeni na utii kwa chama: maswali tunayoulizwa kila mara Lubumbashi

Maswali haya yanatoka kwa wanaosoma vichwa vya magazeti pale mjini kati, kwa wanafunzi wa sheria, kwa akina mama kwenye teksi-basi za Katuba na Ruashi, na kwa wale tunaowaita wabunge wa kusimama, wanaojadili siasa barabarani hadi jua lizame. Mabishano yalianza na Trump mwaka 2019, yakarudi na Biden mwaka 2023, na kila mara yanaishia nyumbani: na sisi je? Katiba ya Marekani iko kwa Kiingereza, yetu ya Kongo iko kwa Kifaransa, ila mabishano ni ya Kiswahili. Ndiyo maana nimejibu kwa Kiswahili. Pale jibu linapopatikana kwenye swali jingine, nimetaja namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Kumshtaki rais bungeni maana yake nini hasa?

Ni njia ambayo katiba inawapa wabunge ya kumfikisha rais aliye madarakani mbele ya waamuzi kwa makosa mazito, bila kungoja uchaguzi. Redio za Kifaransa husema destitisyo, za Kiingereza impichimenti, na hapo mkanganyiko huanza, kwa sababu maneno hayo mawili hayalingani. Destitisyo ni mwisho wa safari: rais ameondolewa. Impichimenti ni katikati ya safari: rais ameshtakiwa rasmi, hukumu bado. Mtu aliyeitwa tribinali hajawa mfungwa.

Katika majibu haya nasema "kushtaki" kwa hatua ya kati na "kuondoa" kwa hatua ya mwisho.

2. Trump alishtakiwa mara mbili. Mbona aliendelea na kazi, na baadaye akarudi?

Kwa sababu Marekani imegawa kazi kati ya mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi hushtaki, na wingi wa kawaida unatosha. Seneti huhukumu, na kumtia rais hatiani kunahitaji theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Wakiwepo wote 100, ni kura 67.

Trump alishtakiwa tarehe 18 Desemba 2019, na tena tarehe 13 Januari 2021 baada ya wafuasi wake kuvamia jengo la bunge. Mara zote mbili Seneti haikufikisha 67. Mara ya pili zilipatikana 57. Hakuna rais wa Marekani aliyewahi kuondolewa kwa njia hii: Andrew Johnson mwaka 1868 na Bill Clinton mwaka 1999 waliponea Seneti, na Richard Nixon alijiuzulu kabla hajafika huko (swali la 8).

3. Uchunguzi na mashtaka ni kitu kimoja?

Hapana. Uchunguzi ni kukusanya hati, kuita mashahidi na kuuliza maswali. Unaweza kuishia hapo hapo. Tarehe 12 Septemba 2023 spika Kevin McCarthy alitangaza uchunguzi dhidi ya Rais Joe Biden kuhusu biashara za familia yake. Tarehe 13 Desemba Baraza likauidhinisha kwa kura 221 dhidi ya 212, Warepublican (chama cha Trump) wote upande mmoja, Wademocrat (chama cha Biden) wote upande wa pili. Biden alimaliza muhula wake na Baraza halikupiga kura ya kumshtaki hata siku moja.

Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba "uchunguzi wa kumwondoa rais umefunguliwa", usikimbilie kumwambia jirani kwamba rais ameanguka.

4. Makosa gani yanatosha?

Katiba ya Marekani inataja uhaini, rushwa, na "makosa mengine makubwa". Maneno hayo ya mwisho yameachwa wazi, na wanasheria wao wamegombana juu yake zaidi ya miaka 200. Wengine husema lazima iwe jinai iliyoandikwa. Wengine, na mimi nawaunga mkono, husema kutumia vibaya cheo kunatosha, kwa kuwa kuna maovu ambayo ni rais peke yake anayeweza kuyatenda na hakuna sheria ya jinai iliyoyafikiria.

Katiba yetu imejaribu kutoa maana zilizo wazi zaidi. Tazama swali la 10.

## Yaliyotokea Washington

5. Kesi ya Ukraine ilihusu nini?

Tarehe 25 Julai 2019 Trump alizungumza kwa simu na Rais Volodymyr Zelensky wa Ukraine, akamwomba achunguze mambo ya Joe Biden na mwanawe Hunter, aliyewahi kukaa kwenye bodi ya kampuni ya gesi huko. Biden alikuwa anatafuta tiketi ya kugombea dhidi ya Trump mwaka uliofuata. Wakati huohuo msaada wa kijeshi wa karibu dola milioni 391, uliokwisha kuidhinishwa na bunge la Marekani kwa ajili ya Ukraine, ulikuwa umezuiwa. Mtumishi mmoja wa ujasusi akaandika malalamiko mwezi Agosti. Tarehe 24 Septemba spika Nancy Pelosi akatangaza uchunguzi.

Mashtaka yalikuwa mawili: kutumia vibaya madaraka, na kulizuia bunge kufanya kazi yake, kwa vile Ikulu ya White House ilikataa kutoa hati na ikawakataza maofisa kutoa ushahidi. Wademocrat walidai rais aliigeuza fedha ya serikali kuwa chambo cha uchaguzi wake. Warepublican walijibu kwamba msaada ulifunguliwa mwezi Septemba na Ukraine haikutangaza uchunguzi wowote, basi hasara iko wapi? Tarehe 31 Januari 2020 Seneti ilikataa kuita mashahidi, 51 kwa 49. Tarehe 5 Februari ikamwachia.

6. Je, kila mtu alipiga kura kwa kufuata chama tu?

Karibu wote, na wachache waliovuka mstari ndio wanaofundisha zaidi. Katika Baraza hakuna Mrepublican hata mmoja aliyekubali mashtaka ya 2019. Justin Amash aliyakubali, lakini alikuwa amekwisha kuacha chama hicho mwezi Julai akakaa huru. Wademocrat wawili, Collin Peterson na Jeff Van Drew, walikataa mashtaka yote mawili, na Jared Golden alikubali la kwanza akakataa la pili. Van Drew alihamia kwa Warepublican mara baada ya kura. Kiti chake kilibaki chake; fananisha na swali la 16.

Katika Seneti, Mitt Romney alikubali shtaka la kwanza. Alikuwa seneta wa kwanza katika historia ya Marekani kupiga kura ya kumwondoa rais wa chama chake mwenyewe. Kura zikawa 48 za kumtia hatiani na 52 za kumwachia. Shtaka la pili 47 kwa 53.

Mwaka 2021 walioasi waliongezeka: Warepublican 10 katika Baraza, 7 katika Seneti.

7. Hao walioasi walipata nini?

Walilipa. Kati ya wale 10 wa Baraza, wanne waliamua kutogombea tena, wanne walishindwa kwenye mchujo wa chama chao, na wawili tu, Dan Newhouse na David Valadao, walirudi baada ya uchaguzi wa 2022. Liz Cheney, binti wa aliyekuwa makamu wa rais, alivuliwa uongozi wa chama katika Baraza mwezi Mei 2021, kisha akashindwa vibaya kwenye mchujo wa Wyoming mwezi Agosti 2022.

Angalia ni nani aliyewaadhibu. Hakuna mahakama iliyowanyang'anya kiti, wala rais hakuwa na kalamu ya kuwafuta. Ni wanachama wa kawaida waliokwenda kupiga kura ya mchujo. Mbunge wa Marekani huamka asubuhi akiwafikiria watu hao, na mara nyingi huwaogopa kuliko mpinzani wa chama kingine. Huku kwetu tunasema mbuzi hula pale alipofungwa. Ukitaka kuelewa kura ya mbunge yeyote duniani, tafuta kwanza kamba yake imefungwa wapi.

8. Kwa nini chama cha Nixon kilimwacha, na cha Trump hakikumwacha Trump?

Swali hili linaulizwa na vijana wengi, na linastahili jibu refu.

Uchunguzi dhidi ya Nixon uliidhinishwa tarehe 6 Februari 1974 kwa kura 410 dhidi ya 4. Yaani hata chama chake kilikubali kwamba mambo ya Watergate (kuvunjwa kwa ofisi za Wademocrat na jinsi yalivyofichwa) yachunguzwe. Miezi iliyofuata Warepublican wengi waliendelea kumtetea. Kilichovunja ukuta ni kanda za sauti za mazungumzo yake ofisini. Tarehe 24 Julai Mahakama ya Juu iliamua, waamuzi 8 kwa sifuri, kwamba Nixon azitoe. Siku tatu baadaye Kamati ya Sheria ikapitisha shtaka la kwanza kwa kura 27 dhidi ya 11, Warepublican 6 wakiungana na Wademocrat wote 21. Mwanzoni mwa Agosti nchi nzima ikasoma kwenye maandishi ya kanda moja jinsi rais alivyoamuru polisi wa FBI wazuiwe. Tarehe 7 Agosti wakubwa watatu wa chama chake, Barry Goldwater, Hugh Scott na John Rhodes, wakaenda Ikulu kumweleza kwamba kura za kumwokoa hazipo. Tarehe 9 akaondoka.

Ushahidi ulikuwa wa sauti yake mwenyewe, sawa. Lakini Trump naye alitoa hadharani maandishi ya simu yake na Zelensky, na chama hakikutikisika. Tofauti ninayoiona mimi iko kwa wapiga kura. Mwaka 1974 Nixon alikuwa amepoteza hata sehemu kubwa ya wafuasi wa chama chake mwenyewe, kwa hiyo seneta aliyemwacha hakuwa anajiua kisiasa. Mwaka 2020 Trump alikuwa bado ameishika mioyo ya wanachama wa mashinani. Tusiwape watu wa 1974 utakatifu wote, na wale wa 2020 woga wote. Kamba zilikuwa zimefungwa mahali tofauti.

9. Kuasi chama maana yake ni kumshtaki rais siku zote?

La. Mwaka 1868 Warepublican walikuwa na wingi wa kutosha katika Seneti kumwondoa Andrew Johnson. Wenzao 7 walikataa, na kura zikaishia 35 dhidi ya 19, pungufu kwa moja. Mwaka 1999 Warepublican 10 walikataa shtaka la kusema uongo dhidi ya Clinton, na 5 wakakataa lile la kuzuia haki. Mtu anaweza kukaidi chama chake kwa kumwokoa mpinzani, na hilo nalo linataka moyo.

## Na hapa Kongo je?

10. Katiba yetu inaruhusu kumshtaki rais?

Ndiyo. Soma vifungu vya 163 hadi 167 vya Katiba ya 2006. Anayemhukumu rais, pamoja na waziri mkuu, ni Mahakama ya Katiba, ile Kuru Konstitisyonele iliyoko Kinshasa. Makosa ya kisiasa yaliyotajwa ni uhaini mkubwa, kulidharau Bunge, kuvunja heshima na uadilifu, na kujinufaisha kwa siri za kazi. Yanaongezwa makosa mengine ya jinai aliyoyatenda akiwa kazini.

Kifungu cha 165 kinafafanua. Uhaini mkubwa ni pale rais anapovunja Katiba kwa makusudi, au anaposhiriki katika ukiukaji mzito wa haki za binadamu, au katika kuitoa sehemu ya nchi. Kuvunja uadilifu ni pamoja na kuiba mali ya umma, rushwa na kujitajirisha isivyo halali. Kulidharau Bunge, kwa jinsi kilivyoandikwa, kunamgusa waziri mkuu asiyejibu maswali ya Bunge ndani ya siku 30.

Utaona tofauti na Marekani: kule wanaohukumu ni wanasiasa, hapa ni majaji. Akitiwa hatiani, anaondolewa, na ni Mahakama hiyohiyo inayotamka.

11. Kura ngapi zinahitajika?

Theluthi mbili ya wabunge na maseneta wakikaa pamoja kama Kongresi, kwa kifungu cha 166. Kisheria wabunge ni 500 na maseneta wa kuchaguliwa 108. Theluthi mbili ya 608 ni kura 406.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Marekani theluthi mbili inadaiwa mwishoni, baada ya watu kusikia ushahidi. Kwetu inadaiwa mwanzoni, kabla jaji hajafungua faili. Bila rais kupoteza sehemu kubwa ya kambi yake mwenyewe, kesi haianzi. Naona hilo ni kosa la waandishi wa Katiba: kizingiti kikali kilipaswa kukaa kwenye hukumu, na uchunguzi ukarahisishwa.

12. Mji ukitekwa na waasi, je, rais "ametoa sehemu ya nchi"?

Tangu Goma na Bukavu zilipochukuliwa na M23 mwezi Januari na Februari 2025, sijapata wiki bila swali hili. Jamaa zetu wako huko, na uchungu ni wa kweli. Lakini Katiba inazungumzia kutoa, yaani kitendo cha hiari. Kushindwa vitani si kutoa. Anayetaka kuliingiza kosa hilo kwenye kifungu cha 165 lazima aonyeshe mkataba, saini, au amri ya kuachia. Uzembe wa kivita una njia nyingine: maswali bungeni, tume ya uchunguzi, hoja dhidi ya serikali.

13. Kwa hiyo hoja ya kutokuwa na imani ni kitu kingine?

Kabisa. Watu hapa huchanganya hizo mbili kuliko kitu kingine chochote. Hoja ya kutokuwa na imani, mosyo ya sanshiri kama wanavyoiita wabunge wa kusimama, inapigwa dhidi ya serikali ya waziri mkuu. Wingi wa zaidi ya nusu ya wabunge unatosha, na hakuna haja ya kuthibitisha kosa la jinai. Tarehe 27 Januari 2021 serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba iliangushwa hivyo kwa kura 367. Rais haguswi na hoja ya namna hiyo.

Waziri anayetuhumiwa jinai ana mlango wake pia: wingi wa zaidi ya nusu ya Bunge unatosha kuruhusu ashtakiwe. Gavana wa jimbo naye huweza kuangushwa na Bunge la jimbo, na hilo liko hapa hapa mjini kwetu, hamna haja ya kupanda ndege.

14. Tulishawahi kumshtaki rais?

Kwa kifungu cha 166, hata mara moja hatujafanya.

Tulichowahi kuona ni Bunge kusema na bunduki kujibu. Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Joseph Kasavubu alitangaza redioni kwamba amemfukuza waziri mkuu Patrice Lumumba. Lumumba naye akatangaza kumfukuza Kasavubu. Siku mbili baadaye wabunge wakafuta maamuzi yote mawili, wakiwataka wapatane. Tarehe 14 kanali Mobutu akawasimamisha wote. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa, si mbali na mji huu wetu, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville.

Mwaka 1965 tena: Kasavubu alimwondoa waziri mkuu Moïse Tshombe tarehe 13 Oktoba ingawa kambi ya Tshombe ilikuwa na wingi bungeni. Akamteua Évariste Kimba, mwana wa Katanga mwingine. Bunge likamkataa tarehe 14 Novemba. Siku kumi baadaye Mobutu akachukua nchi kwa miaka 32. Wazee wa Kamalondo wanaosema "Bunge linaleta balaa" wanakumbuka hayo. Nawaheshimu, ila balaa ya mwaka ule ilitoka kambi ya jeshi.

15. Joseph Kabila alihukumiwa mwaka 2025. Ile haikuwa kumshtaki rais?

Hapana, kwa sababu alikuwa ameacha urais tangu Januari 2019. Alikuwa seneta wa maisha. Tarehe 22 Mei 2025 Seneti ilimvua kinga, na tarehe 30 Septemba Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo. Kulikuwa na mabishano kama Seneti peke yake ilitosha au Kongresi ilipaswa kukaa. Kuhusu hukumu yenyewe, hapa mjini ndugu wa nyumba moja wamenuniana kwa ajili yake, na sitaichochea zaidi. Ninachosema ni kwamba njia ilikuwa nyingine.

## Utii kwa chama

16. Mbunge akipiga kura dhidi ya rais wa chama chake, anapoteza kiti?

Kwa kupiga kura tu, hapana. Kifungu cha 101 kinasema mbunge anawakilisha taifa, na kwamba amri yoyote ya kumfunga mikono ni batili. Lakini kifungu cha 110 kinasema mbunge au seneta anayeacha chama chake kwa makusudi katikati ya muhula anahesabiwa kuwa ameacha kiti.

Visome viwili hivyo kwa pamoja. Unaweza kukaidi, huwezi kuhama. Ukipiga kura kwa dhamiri yako huku ukibaki mwanachama, sheria inakulinda. Ukirusha kadi ya chama mbele ya kamera, umejifukuza mwenyewe. Na chama kikikufukuza? Kifungu kinasema "kwa makusudi". Aliyefukuzwa hakuondoka kwa hiari yake, kwa hiyo kwa maoni yangu anabaki na kiti.

17. Kama ni hivyo, wale wa FCC walihamaje kwenda Muungano Mtakatifu, kambi mpya ya Rais Tshisekedi, bila kupoteza viti?

Baada ya uchaguzi wa 2018 FCC, kambi ya Kabila, ilikuwa na zaidi ya viti 300 kati ya 500. Tarehe 6 Desemba 2020 Rais Félix Tshisekedi alitangaza mwisho wa ndoa yake ya kisiasa na FCC, akaongeza kwamba akikosa wingi mpya angelivunja Bunge. Siku nne baadaye spika Jeanine Mabunda akaangushwa kwa kura 281 dhidi ya 200. Mwezi uliofuata Mahakama ya Katiba ikasema mbunge anaweza kuunga mkono wingi mpya bila kupoteza kiti, kwa nguvu ya kile kifungu cha 101. Mlango ukafunguka, wakapita kwa mamia.

Sasa fikiri: wingi ule uliovuka kwa wiki saba ulikuwa na uwezo wa kufanya lolote lililoandikwa kwenye Katiba. Haukuvuka kwa ajili ya ushahidi. Nilimuuliza mmoja wao, jina naliacha, ni hoja gani iliyombadilisha. Akanijibu kwamba nyumba ikihamia upande wa pili wa barabara, mtoto hawezi kulala nje. Jibu hilo liliniumiza, maana mimi nilikuwa mmoja wa waliompigia kura.

18. Mbunge wetu anamwogopa nani, basi?

Mmarekani anaogopa mchujo (swali la 7). Wetu anaogopa orodha. Kwetu hakuna mchujo wa wanachama. Mwenye chama au mkubwa wa muungano wa vyama ndiye anayeamua jina lako liwe kwenye orodha gani. Kuna pia kizingiti: orodha ambayo haikufikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima haipati kiti, hata kama wewe mwenyewe uliongoza katika jimbo lako la uchaguzi. Anayetaka kurudi bungeni lazima apande lori kubwa, na lori lina mwenyewe. Hapo kamba imefungwa, na ndiyo maana barua za wananchi wa Kampemba hazimtikisi kama simu moja kutoka Kinshasa.

19. Kura ya siri ingesaidia?

Kidogo. Tarehe 8 Agosti 2017 bunge la Afrika Kusini lilipiga kura ya siri ya kutokuwa na imani na Rais Jacob Zuma. Waliotaka aondoke walikuwa 177, waliokataa 198. Baadhi ya wabunge wa ANC, chama cha Zuma mwenyewe, waligeuka gizani, wasitoshe. Zuma akaondoka Februari 2018 pale chama chenyewe kilipomwamuru. Ubaya wa siri ni kwamba hata mpiga kura hajui mbunge wake alifanya nini, na kwangu hilo ni bei kubwa mno.

20. Kwani kuwa mwaminifu kwa chama ni dhambi?

Siyo. Bila utii kidogo, chama ni kundi la abiria. Watu walipigia kura programu, na mbunge anayeigeuka kila wiki anawadanganya. Lakini programu ni kitu kimoja na mtu ni kitu kingine. Utii unaoharibu ni ule wa kumtumikia mwenye chama.

Tunao mfano wetu, hatuna haja ya Romney. Tarehe 1 Novemba 1980, katika nchi ya chama kimoja cha MPR, wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya kurasa 52 wakimweleza ubaya wa utawala wake. Walifungwa, wakafukuzwa bungeni, wakapelekwa uhamishoni vijijini. Kutoka kwao, mwaka 1982, ikazaliwa UDPS. Chama kinachotawala leo kilizaliwa na watu waliokataa kumtii mwenye chama, na vijana wake wanapaswa kuambiwa hivyo kila asubuhi.

Na hapa Katanga: mwezi Septemba 2015 vyama saba, kile cha Kyungu wa Kumwanza kikiwemo, vilimwandikia Kabila kupinga muhula wa tatu, vikatolewa kwenye kambi ya rais. Mwezi huohuo Moïse Katumbi akaacha ugavana na PPRD, chama cha Kabila. Kyungu tunamkumbuka pia kwa kampeni ya 1992 ya kuwafukuza ndugu zetu wa Kasai, na sitaficha hilo. Lakini barua ile ilikuwa ya haki.

## Maswali ya pembeni

21. Rais akijiuzulu kabla ya kura?

Kule kwao kesi ya Nixon ilikufa hapo. Lakini mwaka 2021 Seneti ilimhukumu Trump akiwa amekwisha kuondoka, kwa kuwa kutiwa hatiani kungefungua njia ya kumzuia asishike cheo tena. Kwetu, makosa aliyoyatenda rais nje ya kazi yake hungoja mwisho wa muhula, na muda wa kushtaki hauhesabiwi wakati huo.

22. Anaweza kulivunja Bunge ili asishtakiwe?

Kifungu cha 148 kinamruhusu kulivunja Bunge pakiwa na mgogoro wa kudumu kati ya Bunge hilo na serikali, baada ya kushauriana. Hawezi katika mwaka unaofuata uchaguzi, wala wakati wa vita au hali ya hatari. Seneti haivunjwi. Na kumbuka Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi, yaani hali hiyohiyo ya hatari, tangu Mei 2021.

23. Akiondolewa, nani anashika kiti? Tuna makamu wa rais?

Hatuna makamu. Spika wa Seneti hushika kwa muda na uchaguzi huitishwa. Wanaouliza hili huwa wamesikia habari za Rigathi Gachagua, naibu wa rais aliyeondolewa mwezi Oktoba 2024 kule Kenya (nchi, siyo komini yetu ya Kenya). Alishtakiwa kwa kura 281 dhidi ya 44, nyingine zikitoka kambi iliyomwingiza madarakani.

24. Mimi raia wa kawaida nifanye nini?

Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au na wenzake. Bunge hukaa kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, na 15 Septemba hadi 15 Desemba. Katikati ya vipindi hivyo wabunge hurudi majimboni. Mkimpata wenu, msimwulize barabara tu. Mwulizeni: siku ya kifungu cha 166, utasoma faili kabla ya kupiga kura? Andikeni jibu lake na tarehe.

25. Naweza kukamatwa kwa kujadili haya?

Kifungu cha 23 kinalinda uhuru wa kusema, kwa kuheshimu sheria na utaratibu wa umma. Ila ile sheria ya 1963 inayoadhibu kumtukana mkuu wa nchi ingali inatumika. Kusema "kifungu cha 165 kinasema hivi, na tendo hili naona linakigusa" ni mjadala. Kumwita rais jina la mnyama kwenye WhatsApp ni jambo jingine, na polisi hawatakuuliza ulikuwa upande gani wa hoja. Beba nakala ya Katiba, soma kifungu kwa sauti, na uwaombe wenzako wazime simu zinazorekodi kama hamjakubaliana kurekodi.